Matandiko ya Vifaranga Wachanga

Somo la ufugaji kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Natumaini mmekwisha kaa, na msimamizi wa darasa amekwisha gawa karatasi za somo. Mwenye kusoma pole pole asiwe na wasiwasi. Nami nitasema pole pole.

Somo letu la leo ni juu ya matandiko ya vifaranga, yaani kile kitu tunachowatandikia chini siku wanapoanguliwa, au siku wanapoletwa kutoka kwa muuzaji. Watu wengi huuliza kwanza habari za chakula na dawa. Matandiko huyakumbuka mwisho, jioni, vifaranga wakiwa tayari wamo ndani ya boksi wanalia. Hapo mtu huokota chochote kilicho karibu. Siku chache baadaye huanza kuokota vifaranga waliokufa, wala hajui sababu.

Pengine mmoja wenu atasema, "Kuku wa bibi yangu hakutandikiwa kitu, na vifaranga wake walikua." Neno hilo ni kweli. Lakini fikirini vizuri. Kuku yule mwenyewe ndiye aliyekuwa godoro na blanketi. Usiku aliwafunika watoto wake kwa mbawa. Mchana aliwatembeza huku na huku, wakaacha mavi yao nyuma. Vifaranga wasio na mama hawana mambo hayo. Hukaa mahali pamoja usiku na mchana, na kila wanachokitoa kinabaki chini ya miguu yao. Kwa hiyo, yule asiye na mama, tandiko ndilo mama yake.

Kazi nne za tandiko

Tandiko zuri lina kazi nne. Zihesabuni kwa vidole.

Kazi ya kwanza ni kuzuia baridi ya sakafu. Katika juma la kwanza kifaranga anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za sentigredi, maana mwili wake bado hauwezi kujitunzia joto. Ukiweka taa juu yake na sakafu tupu chini yake, taa inampa joto na sakafu inamnyang'anya.

Kazi ya pili ni kunywa maji. Mavi ya kuku yana maji mengi, na maji ya kunywa humwagika kila siku. Tandiko liyanywe, kisha likauke.

Kazi ya tatu ni kumpa kifaranga mahali pa kukanyaga imara. Miguu yake ni michanga. Akikaa mahali panapoteleza, miguu hupanuka kando, mmoja huku na mwingine kule, naye hawezi tena kusimama wala kufikia chakula.

Kazi ya nne ni kutomdhuru akilidonoa. Kifaranga hana mwalimu wa kumwonyesha kipi ni chakula. Hudonoa kila kitu kidogo anachokiona.

Sasa chukueni vitu tunavyovipata katika nchi yetu, mvipime kwa kazi hizo nne.

Maranda ya mbao. Haya ni yale mavipande membamba yanayotoka kwenye randa ya seremala. Hunywa maji vizuri, huzuia baridi, wala hayatelezi. Maranda ya msindano, kama yale yanayopatikana kwa wingi Mafinga na sehemu nyingine za Mufindi, yanafaa sana yakiwa makavu. Lakini muulize seremala jambo moja: je, mbao hizi zilitiwa dawa ya kuzuia mchwa? Zikiwa zimetiwa dawa, mwachie maranda yake.

Makapi ya mpunga. Hapa nasema yale maganda magumu, si pumba laini wanazolishwa mifugo. Wenzetu wa Kyela, Mbarali na Kilombero, na wale wa Mwea kule Kenya, huyaona yamelundikana nje ya mashine za kukoboa. Hayanywi maji kama maranda, lakini hukauka upesi, nayo ni mepesi kuyageuza. Yanafaa. Ukiweza kuyachanganya na maranda, ni vizuri zaidi.

Majani makavu. Yanafaa kama yamekatwakatwa vipande vifupi. Majani marefu hushikana, huwa kama mkeka, na chini ya mkeka huo unyevu hauoni njia ya kutoka. Tena majani huota ukungu upesi kuliko maranda.

Maganda ya karanga. Yako mengi katika sehemu zinazolima karanga, nayo hunywa maji. Lakini ukungu huyapenda. Yasipokuwa makavu kabisa, yaacheni.

Vumbi la mbao, yaani unga unaoanguka chini ya msumeno. Hili msiwape vifaranga wachanga. Hulidonoa wakidhani ni chakula, likawajaa na kuziba njia ya chakula. Tena vumbi lake huingia puani na kuwasumbua katika kupumua.

Gazeti peke yake. Nalo msilitumie kama tandiko. Linateleza, na likilowa halina kazi tena. Lakini katika siku tatu za kwanza mnaweza kutandika karatasi ngumu isiyoteleza, au gunia safi lisilo na nyuzi zinazoning'inia, juu ya maranda. Mnyunyizie chakula kidogo hapo, ili vifaranga wajifunze kipi ni chakula na kipi ni tandiko. Wakikijua chakula, ondoeni karatasi ile.

Habari ya gunia la bure

Sasa nataka tufikiri pamoja. Tuseme kina mama wa kikundi fulani wameweka akiba, wakanunua vifaranga 50. Fedha ile ni ya watu wengi, tena ilipatikana kwa jasho. Jioni moja kabla ya vifaranga kufika wanakwenda kwa fundi wa mbao. Fundi anawaambia, "Gunia hili lililo ndani nauza. Lile la nje lililonyeshewa mvua, chukueni bure."

Mnaona mtego? Wamekwisha tumia fedha nyingi, na hapa pana kitu cha bure. Mmoja atasema, "Tuchukue la nje, tutalianika."

Jibu langu ni hili. Fungueni gunia, mtie mkono mpaka katikati, mlete maranda puani. Yakiwa yamelowa tu leo, na yananuka mbao, mnaweza kuyaanika juani mpaka yakauke kabisa. Lakini yakinuka uvundo, au mkiona utando mweupe, kijani au mweusi, huo ni ukungu. Jua halitausafisha. Maranda yatakauka, na mbegu za ukungu zitabaki, zikiwa nyepesi kama vumbi, zikingoja kuruka. Kifaranga akizivuta, huingia katika mapafu. Utamwona anahema kwa mdomo wazi, shingo ameinyosha, na hana nguvu ya kula. Maradhi hayo hayana dawa ya kutegemea. Kinga yake ni kutotandika kitu chenye ukungu.

Kwa hiyo, wakiona ukungu, kina mama wale walipe lile gunia la ndani. Rahisi ni ghali, na hapa ughali wake huhesabiwa kwa roho za vifaranga.

Hesabu ya madebe

Vifaranga 50 yafaa wapewe nafasi ya meta mraba 2 katika siku za mwanzo, kisha waongezwe nafasi wanapokua. Tandiko liwe na kina cha sentimeta 5, hata zaidi wakati wa baridi. Meta mraba 2 kwa kina cha sentimeta 5 ni lita 100. Debe moja huchukua lita 20 au karibu yake. Basi 100 tukigawanya kwa 20 tunapata 5. Yaani tunahitaji madebe 5. Wekeni na madebe mengine 2 ya akiba mahali pakavu, kwa kujazia pale mnapoondoa sehemu iliyolowa. Jumla ni madebe 7.

Mkitandika, jifungeni kitambaa puani na mdomoni, maana vumbi lile si zuri kwa mapafu ya mtu pia. Tandikeni siku moja kabla vifaranga hawajafika, muwashe taa au jiko, ili tandiko lenyewe lipate joto. Wakifika, mshike kifaranga mmoja, uguse nyayo zake shavuni mwako. Zikiwa baridi, tandiko ni baridi, hata kama juu mnaona joto.

Jihadharini na moto. Maranda makavu huwaka upesi. Jiko la mkaa likae juu ya matofali, na pande zote lizungushiwe matofali ili tandiko lisilifikie. Tena banda liwe na mahali pa kupitisha hewa juu, kwa sababu mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyonuka. Huua vifaranga, na humwua mtu pia. Msilale humo.

Kazi ya kila siku

Ndugu wanafunzi, kutandika siku moja hakutoshi. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Kila asubuhi fanyeni mambo matatu.

Kwanza, inameni mpaka pua ifike pale alipo kifaranga, mnuse. Mtu akisimama huenda asisikie kitu, lakini kifaranga anaishi chini. Mkisikia harufu kali inayowasha macho, tandiko limejaa unyevu na mavi, na hewa hiyo inamchoma kifaranga machoni na mapafuni. Ondoeni sehemu iliyolowa, mfungue njia ya hewa.

Pili, chukueni tandiko mkononi, mlikamue kwa nguvu. Likishikana kama tonge la ugali, limelowa. Likishikana kidogo kisha likapasuka mnapofungua mkono, ni zuri. Likimwagika lote kama vumbi, limekauka kupita kiasi.

Tatu, tazameni chini ya vyombo vya maji. Hapo ndipo maradhi huanzia. Wadudu wadogo wa ugonjwa wa kuhara damu, wasioonekana kwa macho, hutoka katika mavi ya kuku. Wakitoka hawawezi kumwambukiza mwingine mara moja. Wanahitaji kwanza joto, hewa na unyevu ili wakomae. Joto mmewapa vifaranga, na hewa hamwezi kuiondoa. Kilichobaki mikononi mwenu ni unyevu. Wekeni vyombo vya maji juu ya kibao au matofali mafupi, muondoe kila siku maranda yaliyolowa, na kujaza makavu kutoka katika yale madebe 2 ya akiba.

Vifaranga wakikua na kuhamishwa, msiwatandikie kundi jipya matandiko ya zamani. Yazoeni yote, msafishe banda, likauke. Yale ya zamani si takataka. Yalundikeni mahali palipofunikwa mpaka yaoze vizuri, kisha myapeleke shambani. Mahindi na mboga zitawashukuru.

Basi, mkisahau mengine yote niliyosema, shikeni neno hili moja: makavu. Mtu aliye na makapi makavu ya mpunga amewatunza vifaranga wake kuliko yule aliyenunua maranda mazuri akayaacha yalowe. Ukavu hauuzwi dukani. Unatoka katika mkono wa mtu anayeinama kila asubuhi.

Msimamizi wa darasa, sasa zima redio, mjadiliane juu ya maswali yaliyo hapa chini. Kila mtu aseme neno, hata aliye mpya darasani. Kwaherini, mpaka somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza

1. Tajeni kazi nne za tandiko zuri.
2. Kwa nini vumbi la mbao halifai kwa vifaranga wachanga?
3. Hapa kwetu tunaweza kupata kitu gani cha kutandika? Kipimeni kwa zile kazi nne.
4. Kikundi kina vifaranga 100. Watahitaji madebe mangapi ya maranda, pamoja na ya akiba?
5. Mkikuta maranda ya bure yenye ukungu, mtafanya nini? Kwa nini?

Maneno ya kusoma na kuandika

tandiko, matandiko, kifaranga, vifaranga, maranda, makapi, ukungu, unyevu, kavu, makavu

Andikeni sentensi hii katika daftari zenu mara tatu: Vifaranga wangu watalala mahali pakavu.