Mgeni Alale kwa Wenyeji: Nyumba za Wageni za Jamii na Wanyamapori wa Kaskazini Mashariki

Mhadhara wa umma, Mandera



Hoja yangu leo ni moja. Wanyamapori waliobaki Kaskazini Mashariki mwa Kenya watalindwa na wafugaji wanaoishi nao. Na wafugaji watakuwa na sababu zaidi ya kuwalinda siku ambayo mgeni anayekuja kuwaona atalala katika nyumba inayomilikiwa na jamii, kwa bei ambayo mwalimu wa Wajir au mwanafunzi wa Garissa anaimudu.

Tuanzie kusini-magharibi mwa Uganda. Msitu wa Bwindi ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na mwaka 1993 watalii wakaanza kupelekwa kuwaona gorila wa milimani. Leo mgeni anayetoka nje ya Afrika hulipa dola 800 za Marekani kwa kibali, na akiwafikia gorila hukaa nao saa moja tu. Fedha za kibali huenda kwa mamlaka ya wanyamapori. Lakini mgeni huyo lazima ale, na lazima apate pa kulala, kwa kuwa safari ya msituni huanza asubuhi. Wakazi wa Buhoma, langoni mwa msitu, waliliona hilo mapema. Mwaka huohuo wa 1993 walifungua kambi ya wageni iliyo mali ya jamii yenyewe. Msafiri asiyeweza kulipia hoteli za kifahari hupata malazi ya kawaida pale, na mapato huchangia shule na miradi ya maji.

Bwindi ina funzo jingine, nalo ni chungu. Hifadhi ilipotangazwa, Wabatwa walioishi msituni vizazi na vizazi walitolewa, wengi wao bila kupewa ardhi nyingine. Mnyama alipata ulinzi, mwenyeji wake wa kwanza akakosa kwao. Tukiiga Bwindi, tuige kambi ya Buhoma, tusiige kuhamishwa kwa Wabatwa.

Sasa turudi kwetu. Gorila hatuna, lakini tuna mnyama adimu kuliko yeye. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilikuta gorila wa milimani zaidi ya 1,000. Hirola waliobaki duniani hawafiki 500. Huyu ni swala wa rangi ya mchanga, mwenye mstari mweupe unaopita kati ya macho mithili ya miwani, na makazi yake ya asili ni ukanda wa mpaka wa Kenya na Somalia peke yake. Katika miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 10,000. Sotoka, ukame, ujangili na nyasi kumezwa na vichaka vimewafikisha hapa.

Watu wetu hawakukaa kimya. Mwaka 1996, hirola walipokuwa wakihamishiwa Tsavo Mashariki, wakazi wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu kupinga. Wafugaji, ambao kila siku huambiwa ni maadui wa wanyamapori, walidai mbele ya jaji kwamba swala huyu abaki kwao. Baadaye jamii za Hara, Kotile na Korisa, huko Ijara, zilianzisha hifadhi yao ya Ishaqbini. Mwaka 2012 lilizungushiwa ua eneo la kilomita za mraba 27 hivi ndani yake, wakaingizwa hirola 48, nao wakazaana hadi kupita mara mbili ya idadi hiyo. Na hapa Mandera, Hifadhi ya Taifa ya Malka Mari ipo kandokando ya mto Daua tangu mwaka 1989. Wangapi kati yetu tumelala huko hata usiku mmoja?

Najua jibu mnalolifikiria: usalama. Ni haki kulifikiria. Mwezi Oktoba 2016, katika mji huuhuu, gesti ilishambuliwa usiku na watu 12 wakauawa, miongoni mwao wasanii waliokuja kuwaigizia wanafunzi vitabu vya fasihi. Siwezi kusimama hapa nikazungumzia malazi bila kuwataja. Buhoma nayo ilipitia msiba wake. Mwezi Machi 1999 waasi walivuka kutoka Kongo, wakawaua watalii wanane na ofisa wa hifadhi. Wageni walirejea baada ya ulinzi kuimarishwa. Kwa hiyo nasema wazi: pasipo na amani, tusimwalike mtu. Tuanze Ijara, pale wazee na vyombo vya usalama watakaporidhika pamoja, na Malka Mari isubiri zamu yake.

Lakini moyo wa kumlinda mgeni tunao. Mwezi Desemba 2015, karibu na El Wak, wapiganaji walisimamisha basi na kutaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Watu wa namna hiyo hawahitaji kufundishwa maana ya mgeni.

Nyumba yenyewe tunajua kuijenga. Mama wa Kisomali hupinda fito, akazifunga kwa kamba, akazifunika kwa mikeka aliyoisuka mwenyewe, na aqal ikasimama. Chombo cha maziwa ya ngamia hukifukiza kwa kijinga cha moto kwanza, ndipo maziwa yakae bila kuharibika na yanukie moshi. Mgeni wa Nairobi au Mombasa hajawahi kuonja hayo. Kinachohitaji fedha ni tangi la maji, vyoo safi, sola na magodoro.

Sheria nayo ipo. Ile ya wanyamapori ya mwaka 2013 inazitambua hifadhi za jamii, na ile ya ardhi ya jamii ya mwaka 2016 inaturuhusu kusajili ardhi kwa jina letu. Naomba mambo matatu. Ardhi isajiliwe kabla mwekezaji yeyote hajaweka jiwe. Wanawake wanaojenga aqal wawe na viti katika kamati na sauti juu ya fedha. Na hesabu zisomwe barazani kila msimu, shilingi kwa shilingi, mbele ya mchungaji na mbele ya chifu.

Wageni wa kwanza wawe watoto wetu. Mwanafunzi wa Mandera huweza kumaliza shule akiwa ameona picha ya simba kitabuni, bila kujua kwamba mmoja wa swala walio hatarini zaidi Afrika yuko katika ukanda wake. Kaunti zetu tatu zitenge fedha za safari za shule kwenda Ishaqbini, nazo zilipe malazi kwa kamati ya jamii. Mapato hayo ya uhakika yataziweka nyumba hizo hai kabla mtalii wa ng'ambo hajafika, na hata asipofika.