Kanuni Ipi kwa Bomba Lipi?
(Mazungumzo mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi, Mwanza)



Nimeombwa nizungumze juu ya mabomba ya plastiki yatoayo maji machafu katika maghala na viwanda vyetu vya kuchambulia pamba. Najua wengi wenu mngependelea kusikia habari za bei ya pamba. Lakini fedha ya bomba ni fedha ileile ya mkulima, na katibu ndiye anayetia sahihi.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilizika bomba la milimita 160 chini ya uwanja wa ghala. Mkandarasi alileta hesabu ya kurasa nyingi kuthibitisha kwamba bomba lingestahimili msukumo mkubwa wa maji. Wajumbe wakaridhika. Msimu wa ununuzi ulipofunguliwa na malori ya pamba yakaanza kupita, bomba likabonyea kama debe lililokanyagwa, na maji machafu yakarudi uwanjani. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba ilipima mzigo usiokuwapo. Bomba la maji machafu halisukumwi na maji kutoka ndani. Maji hupita humo kwa mteremko tu, na mara nyingi hayalijazi. Linalolilemea ni udongo ulio juu yake, gurudumu la lori, na jua pale lisipozikwa.

Hapo ndipo penye suala la kuchagua kanuni. Kanuni ya Kimarekani iitwayo ASME B31.3 iliandikwa kwa ajili ya mabomba ya viwandani yenye msukumo. Ina heshima kubwa, na programu za kompyuta huifuata, ndiyo maana wahandisi huikimbilia. Kwa bomba lililozikwa ziko kanuni nyingine. Wajerumani wana ATV-A 127. Australia na New Zealand wana AS/NZS 2566. Wamarekani huanzia kwenye hesabu aliyoitoa Spangler huko Iowa mwaka 1941. Kanuni ya Ulaya, EN 1295-1 ya mwaka 1997, haikuleta njia moja, bali ilizitambua njia za kila nchi. Zote hizi hulihesabu bomba pamoja na udongo wake: plastiki hulegea kidogo, na udongo wa ubavuni hulishika.

Chagueni mojawapo, kisha msiichanganye na nyingine. Wajerumani huruhusu bomba libonyee asilimia 6 kwa muda mrefu. Wamarekani kwa PVC husema 7.5. Kila kikomo huenda na njia yake ya kuhesabu. Mhandisi achukuaye hesabu ya huku na kikomo cha kule hana kanuni yoyote mkononi, hata akitaja majina mawili.

Katika dukani tumezoea kuuliza bomba ni la msukumo gani. Kwa maji machafu ulizeni ugumu wake, unaoandikwa SN. Ugumu hukua kwa kipeo cha tatu cha unene: unene ukiwa maradufu, ugumu huwa mara nane. Kwa bomba la PVC la milimita 160, kutoka SN 4 hadi SN 8 ni tofauti ya unene wa milimita 4.0 na 4.7 tu. Sehemu hiyo ya milimita ndiyo muuzaji asiye mwaminifu huiiba, na jicho haliioni.

Hata hivyo SN 8 haitamwokoa mtu anayerudishia mtaroni udongo mweusi wa mbuga. Udongo ule huvimba masika na kupasuka kiangazi. Haushiki ubavu wa bomba. Lipieni mchanga au changarawe, ishindiliwe tabaka kwa tabaka. Mimi ningepunguza kitu kingine chochote katika zabuni kabla ya kupunguza hilo.

Kwenye vilima vya mawe mambo hugeuka. Igogo, Mabatini na Kilimahewa, ambako mamlaka ya maji ya jiji imejenga mtandao rahisi wa majitaka, mnaijua miamba ilivyo. Mtaro usipochimbika, bomba hupita juu ya jiwe, na hapo adui ni joto. Tofauti ya nyuzi 30 kati ya alfajiri na adhuhuri hurefusha kipande cha PVC cha mita 6 kwa milimita 13 hivi, na cha polithini kwa 36 hivi. Chuma kingerefuka 2 tu. Bomba lililobanwa kila mahali litapinda au kung'oa viungio. Kanuni za mabomba yaliyozikwa hazitoshi hapo: mtakeni mhandisi aoneshe wapi bomba limefungwa na wapi limeachwa liteleze.

Jina la kanuni na mwaka wake viandikwe katika mkataba, pamoja na kipimo cha kupokelea kazi. Siku 30 baada ya kufukia, vuteni ndani ya lile bomba la SN 8 gogo la mviringo la milimita 143. Likikwama, bomba limebonyea zaidi ya asilimia 5, na malipo ya mwisho yasubiri mtaro ufukuliwe.