Fungu la Nani? Choyo, Ukarimu na Lugha ya Mgawo wa Nyama ya Porini, kwa Kuitazama Majengo ya Mpanda



Msamiati wa maadili katika Kiswahili ni mada iliyozoeleka kuanzishwa na washairi wa mwambao, na sina ugomvi na desturi hiyo. Leo hata hivyo nimechagua kuanza mbali na bahari, katika mji wa Mpanda, na hasa kata ya Majengo, tena kwa watu ambao si kawaida kutajwa katika mihadhara ya aina hii, yaani wawindaji. Swali langu ni dogo. Mwindaji anaporudi na swala, ni lini tunasema kwamba amefanya choyo, na ni lini tunasema kwamba amekuwa mkarimu? Ninakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kimekwisha kulijibu swali hili katika sarufi yake, na kwamba jibu hilo halifanani sana na lile tunalolitoa katika hotuba.

Nieleze kwanza kwa nini Majengo. Jina hili limeenea: kuna Majengo Mombasa, Nairobi, Moshi na Dodoma. Halitaji ukoo wala mtemi. Linasema tu kwamba watu walifika wakajenga. Mpanda yenyewe ilikua baada ya Vita Kuu ya Pili kwa sababu ya mgodi wa risasi na tawi la reli kutoka Kaliua. Katika mji huo Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na Wafipa walikutana na Wanyamwezi, na baadaye na Wasukuma waliohamia eneo hilo na ng'ombe wao. Si mbali nao, Katumba na Mishamo, waliishi wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao walipewa uraia mwaka 2014. Kila kundi lilikuja na kanuni zake za kugawa mnyama. Mahali pa namna hiyo kanuni za ukoo mmoja hazitoshi, na Kiswahili ndicho kinachobeba mzigo wa kusema nani apate nini.

Kusini mwa mji huo ipo Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, ambayo imeupa jina pia mkoa ulioundwa mwaka 2012. Jina linatokana na Katabi, ambaye wenyeji humsimulia kuwa mwindaji wa kale ambaye roho yake inakaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na wanaohitaji baraka zake huacha sadaka hapo. Mwindaji huyu, basi, amekuwa mpokeaji. Naliacha jambo hilo hapo kwa sasa.

Tutazame vitenzi. Kitenzi *pa* hakisimami bila mtu wa kupewa: husemi tu "nimepa", husema "nimempa". Kitenzi *nyima* kina tabia hiyohiyo. Huwezi kunyima peke yako porini. Unahitaji mtu mbele yako, mwenye macho na matarajio. Hata *choyo*, ingawa ni nomino, hupenda kuambatana na mtu: twasema "amenifanyia choyo". Maneno haya yanataja uhusiano. Sasa linganisha na *ubinafsi*. Neno hili limejengwa juu ya *nafsi*, na halidai mtendewa yeyote. Mtu anaweza kuwa na ubinafsi akiwa amelala. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 tumelizoea sana katika hotuba na vitabu vya shule, nami sisemi ni neno baya. Nasema limehamisha kosa kutoka katikati ya watu wawili na kulitia ndani ya mmoja.

Zaidi ya hayo, kitenzi kinachotawala mazungumzo ya nyama si *pa* wala *nyima*. Ni *gawana*. Katika sentensi "walimgawana paa", kiima ni wingi na mtoaji hayumo. Ukimtafuta mkarimu katika sentensi hiyo humpati, kwa kuwa sarufi haikumwekea nafasi. Vilevile yule anayefika na sufuria yake hasemi "naomba zawadi". Husema "nipe fungu langu". Kimilikishi *-angu* kimetangulia kabla nyama haijafika mkononi. Fungu ni lake tangu mnyama alipoanguka, na linalobaki ni kukabidhiwa. Kwa hiyo katika lugha ya uwindaji kumpa mtu fungu lake si ukarimu hata kidogo, na kumnyima ni karibu na dhuluma. Ukarimu huanza pale mafungu yanapokwisha, kwa mtu ambaye hakuwa na fungu: mpita njia, mgeni, mjane asiye na kijana wa kumtuma msituni.

(Nifungue mabano. Nimesema *paa* na *swala*, na ningeweza kuongeza *kulungu*, *tohe*, *kuro*, *pofu* na *kongoni*. Lugha yenye majina mengi hivi ililazimika hata hivyo kutafuta *ayala* kwa ajili ya Biblia, kwa kuwa mnyama yule wa nchi za kaskazini, mwenye pembe za matawi zinazoanguka na kuota upya, hayumo katika mapori yetu. Mwanafunzi anayetafsiri habari za uwindaji wa Ulaya na akaandika *kulungu* bila maelezo ajue kwamba amemhamisha mnyama.)

Wataalamu wa elimu ya jamii wameutazama mgawo wa nyama kwa makini, na nchi yetu imewapa mfano mashuhuri kuliko yote, yaani Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. James Woodburn, katika makala yake ya mwaka 1982, alieleza jamii ambamo aliyemuua mnyama mkubwa hana mamlaka ya kuamua nyama iende wapi, na ambamo sehemu fulani, *epeme*, ni za wanaume waliokwisha kuingizwa jandoni mwao na huliwa faraghani. Kristen Hawkes aliuliza kwa nini mwanamume ahangaike na mnyama mkubwa ikiwa sehemu kubwa itaishia vinywani mwa wengine, naye alielekea kulitafuta jibu katika sifa. Nicholas Blurton Jones alikuwa amependekeza mwaka 1984 kwamba kugawa ni aina ya wizi unaovumiliwa, kwa sababu mwenye shibe hupata hasara zaidi akipigana na mwenye njaa kuliko akimwachia.

Ni hoja nzito, lakini mwanafunzi wa Kiswahili ana haki ya kuuliza swali moja juu ya hiyo ya mwisho. Neno *wizi* linadhania kwamba mali ina mwenyewe na mwenyewe ni yule aliyeishika. Mtu haibi fungu lake. Katika nchi za magharibi mwa Tanzania, ambako tembo alipouawa jino lililogusa ardhi lilikuwa la mwenye ardhi, yaani mtemi, mwindaji alijua kabla ya kutoka nyumbani kwamba nusu ya pembe si yake. Huwezi kumsifu kwa kuitoa. Nao Ju/'hoansi wa Kalahari humhesabu mwenye mshale kuwa ndiye mgawaji, hata kama mshale huo uliazimwa na ukatupwa na mtu mwingine.

Lipo pia neno *kitoweo*. Nyama ikiitwa kitoweo imekwisha kukiri kwamba peke yake si chakula: inangoja ugali. Mwenye swala bila unga na mwenye unga bila swala wote wawili wana njaa ya namna fulani, na methali isemayo "mla cha mwenziwe na chake huliwa" wazee huitumia kuonya na kuahidi kwa pumzi moja.

Nifike sasa penye uchungu wa mada hii. Tangu amri ya uwindaji ya Gavana Hermann von Wissmann ya mwaka 1896, katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, mnyama wa porini amekuwa akiondolewa hatua kwa hatua katika mikono ya jamii na kuwekwa katika mikono ya dola. Kiswahili cha mahakama kimeipa hali hiyo jina ambalo naliona la ajabu: *nyara za Serikali*. Nyara, kama mjuavyo, ni kile kinachotekwa vitani. Ndiyo maana hata leo twasema mtu ametekwa nyara. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, inaihesabu nyama pamoja na pembe, ngozi na mifupa kuwa nyara, na kosa ni kupatikana nayo bila kibali. Mahakama zetu zimewahi kutoa vifungo vya miaka 20 kwa kosa hilo.

Tafakarini maana yake kwa msamiati niliokwisha kuueleza. Fungu likiwa nyara, anayelipokea yumo hatarini sawa na anayelitoa. Mwenye nyama akibisha hodi kwa jirani anampelekea kitoweo na kesi katika bakuli moja. Akijifungia ndani, akapika usiku, akafukia mifupa, jirani atasema ni mchoyo, na mwalimu atasema ni ubinafsi. Lakini je, ni choyo? Choyo, tuliona, chahitaji mtu anayenyimwa kilicho chake. Hapa fungu limekwisha kufutwa kabla ya mnyimwa kufika. Mimi naona kwamba neno linalofaa ni *hofu*, na kwamba tumekuwa wepesi mno kuisoma hofu ya maskini kama tabia mbaya ya moyo.

Sitaki nieleweke kwamba nautetea ujangili. Wanyama hupungua kweli, na mji wenye watu wengi hauwezi kulishwa na pori kwa kanuni zilizotungwa wakati watu walikuwa wachache. Tena si kila mgawo ni mwema, na mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Katavi hukohuko. Miongoni mwa Wasukuma wa Mpimbwe, kijana aliyemuua simba aliyekuwa akila ng'ombe alicheza ngoma nyumba kwa nyumba, na ndugu na majirani walimtuza mifugo na fedha. Huo ulikuwa ukarimu wenye sababu: alihatarisha maisha kwa ajili ya mazizi ya wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na Emily Fitzherbert, Tim Caro, Monique Borgerhoff Mulder na wenzao ulionyesha jinsi walipiza kisasi walivyogeuka kuwa wawindaji. Zawadi zilikuwa nono kiasi kwamba vijana walianza kuwafuata simba ambao hawakuwa wamedhuru zizi la mtu. Shukrani ya wengi ikawa mtaji wa mmoja. Ndiyo maana juhudi za kuwalinda simba huko, zilizojulikana kwa jina la WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, ziliushughulikia pia utuzaji wenyewe. Ukarimu usiouliza "kwa lipi?" uliwamaliza simba na haukumfaa mfugaji.

Mtu atasema soko litamaliza utata huu. Kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha maalumu ya nyamapori, na ni hatua ninayoiona ya maana, kwa kuwa inamwezesha mwananchi kula nyama ya porini bila kutazama mlangoni. Hata hivyo bucha linajua kilo na bei; halijui fungu. Zawadi haina risiti. Wamarekani wamefuata njia ya pili: kwao, ambako ayala huwindwa kwa mamilioni kila mwaka, sheria kwa kawaida hazimruhusu mwindaji kuuza nyama ya mnyama wa porini aliyemuua, bali humruhusu kuitoa. Matokeo yake ni mipango ya kuwapelekea wenye njaa nyama ya ziada, kama ule wa jimbo la Virginia ulioanza mwaka 1991. Sidai kwamba Mwamerika ana moyo mkubwa kuliko mtu wa Majengo. Sheria yake ilifunga mlango wa soko na kuacha wazi mlango wa zawadi. Yetu, kwa mtu asiye na kibali, ilifunga yote miwili, kisha ikafungua ule wa soko.

Nadhani sasa mnaona kwa nini nilimtaja Katabi. Pale penye mkwaju mtu hutoa kwanza, hata kama hajui atapata nini, na hakuna anayemwita mkarimu wala anayemdai risiti.

Nina ombi moja kwa wanafunzi wa leksikografia waliomo humu. Kamusi zetu hulieleza *choyo* kwa tabia ya mtu, na *fungu* kwa sehemu ya kitu kilichogawanywa, kama kwamba maneno haya mawili hayajawahi kuonana. Mtakapokwenda kukusanya maneno Mpanda, msiwaulize watu "choyo ni nini?", maana watawapa jibu la shuleni. Waulizeni nani alikuwa na fungu katika mnyama gani, kichwa kilikwenda kwa nani na shingo kwa nani, na waliitaje sehemu ya mtu ambaye hakwenda porini. Nendeni na barua ya utambulisho, msiandike majina ya watu, na msiulize nyama ya wiki hii. Ulizeni ya zamani. Wanaozijua sehemu hizo kwa majina ni wazee, na orodha yao haijaandikwa.