Kwa Nini Tulimwita Betri

(Mazungumzo yaliyotolewa baada ya chakula cha jioni, katika mkutano wetu wa mwaka)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze juu ya kazi ya uchapaji na faida zake kwa vijana, nilikubali upesi kwa sababu aliniambia kutakuwa na pilau. Lakini sitawachosha na bei ya karatasi. Nitazungumza juu ya katoni moja ya santuri, na juu ya kosa nililolifanya kwa wembe mwaka 1974. Niliyemkosea yumo humu ukumbini, meza ya tatu kutoka dirishani. Wote mnamwita Betri. Mlio chini ya miaka sitini sidhani kama mnajua kwa nini.

Ilikuwa hivi. Walimu wa kujitolea kutoka Marekani, wale wa Peace Corps, waliondoka nchini mwaka 1969. Mmoja wao, aliyekuwa akifundisha fizikia hapa, aliacha katoni ya santuri kubwa za inchi 12. Tulipofika sisi, katoni ilikuwa stoo ya michezo, chini ya nyavu, na hakuna aliyeitaka. Sisi tulitaka Afro 70, tulitaka NUTA Jazz na Mbaraka Mwinshehe, na Franco akipatikana. Zile zilikuwa jazi za Kimarekani, muziki usio na mahali pa kuwekea mguu. Tuliijaribu moja Jumamosi usiku bwaloni, na upande wa kwanza haujaisha, wachezaji wote walikuwa wamekwisha toka nje kupunga upepo.

Mimi nilikuwa mchora matangazo wa kamati ya dansi, kwa hiyo nilichokiangalia ni majalada. Hapo ndipo nilipoona vitu ambavyo sikuwa nimeviona. Moja lilikuwa la Jackie McLean, santuri iitwayo It's Time! ya mwaka 1965. Karibu jalada zima limejaa alama za mshangao, safu juu ya safu, kama askari wa gwaride. Jingine la Freddie Hubbard, Hub-Tones, lina mistari minene iliyosimama kama vibao vya kinanda, na kibao kimoja kimeteremka kidogo. Basi, ni hayo tu. Lakini ukikitazama kile kibao kilichoteremka, unasikia sauti.

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba yote mawili yalisanifiwa na mtu mmoja, Reid Miles, aliyefanya majalada mamia kwa kampuni ya Blue Note ya New York tangu miaka ya 1950 hadi 1967. Inasemekana jazi yenyewe hakuipenda sana, yeye alipenda muziki wa kizungu wa zamani. Mara nyingi alipewa fedha za rangi moja au mbili tu, kwa hiyo akazifanya herufi zenyewe ndizo picha. Nami nilikuwa na rangi moja, nyeusi, ya mashine ya kudurufu ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Nikaamua kutengeneza tangazo la dansi la alama za mshangao. Wale mliokuwapo mtakumbuka kwamba taipureta ya ofisi haikuwa na alama hiyo. Ilibidi upige ile alama ya juu tunayoiweka kwenye neno ng'ombe, urudishe mashine nyuma hatua moja, halafu upige nukta chini yake. Nilifanya hivyo mchana kutwa, mpaka nukta zikatoboa stensili kama chujio. Tangazo lilipobandikwa, mwalimu wa zamu aliuliza ni hatari gani inayotangazwa. Hata hivyo watu walikuja, na mpaka leo ndilo tangazo langu ninalolipenda. Kazi yangu yote ya miaka arobaini na ushei, kwanza kupanga herufi za risasi, kisha pleti, kisha kompyuta, ilianzia kwenye zile nukta.

Sasa nifike kwenye wembe.

Timu ya bweni letu ilipata jezi mpya zisizo na namba. Mimi, fundi, nikatakiwa nikate violezo vya kupakia rangi. Maboksi ya kawaida yalikuwa malaini, rangi ikiyalowesha mara moja. Majalada ya Kimarekani yalikuwa magumu. Nikachagua moja ambalo kwa macho yangu halikuwa na ufundi wa kuniiba, santuri iitwayo Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston. Niliona ina nyimbo zenye majina kama Uhuru Kwanza na Kucheza Blues, nikacheka. Nilidhani ni Wamarekani waliookota maneno yetu mawili matatu kuwa mapambo. Namba 4 na 5 zikatoka upande wa mbele, 7 na 9 upande wa nyuma. Santuri yenyewe nikaiacha uchi juu ya katoni.

Siku ile ile mwenzetu, kijana mpole wa kidato cha pili, akaiokota na kuiweka kwenye gramafoni ya klabu. Akaja mbio uwanjani: "Kaka, njooni! Humu ndani mna mtu anasema Kiswahili!" Tukaenda. Betri za gramafoni zilikuwa zimechoka, santuri ikazunguka kwa kuburura, na sauti iliyotoka ilikuwa kama ya fahali mgonjwa. Tukacheka mpaka machozi. Yeye akashikilia kwamba amesikia, na kwamba ameyaandika maneno kwenye daftari. Mimi ndiye niliyemnyang'anya daftari hilo, nikalisoma bwaloni wakati wa chakula kwa sauti ya fahali. Tukambandika jina la Betri. Klabuni hakuja tena.

Ndugu zangu, mwaka 2011 mwanangu aliniwekea santuri ile kwenye kompyuta. Nilikuwa nakunywa chai. Ikatoka sauti ya mwanamume, Kiswahili safi, bila haraka. Nikaweka kikombe chini.

Yule ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa New York. Weston alirekodi kazi hiyo Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na Tanganyika yetu ilikuwa bado mwaka mmoja na ushei. Alitaka lugha ya Kiafrika isikike kwenye muziki wake, akaenda kuuliza kwa watu wa Umoja wa Mataifa, wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Mshairi Langston Hughes akaandika shairi la uhuru, nalo likasemwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza juu ya ngoma. Mpangaji wa muziki wote alikuwa mwanamke, Melba Liston. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1964. Huko waliiogopa. Sisi, ambao lugha ni yetu, tuliifanya namba 7.

Nilimtafuta Betri. Nakiri nilichukua miaka kumi na zaidi kupata ujasiri, na nilipompigia simu nilianza kwa kumuuliza habari za mifugo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kaka, santuri ninayo." Anayo! Alikuwa ameihifadhi katika foronya tangu siku ile, akahama nayo mikoa minne kikazi. Jalada tu ndilo hana.

Kwa hiyo nimelichapa. Sikuiga lile la kwanza, kwa kuwa nililikata bila kulitazama vizuri na sasa sistahili kujidai nalikumbuka. Ni rangi moja, nyeusi, juu ya karatasi ngumu, herufi tupu. Jina la Tuntemeke Sanga nimeliweka mahali ambapo hata mwenye macho yangu ya mwaka 1974 hawezi kulipita. Nyuma nimechapa maneno ya lile daftari, kwa sababu daftari nalo analo.

Betri, ndugu yangu, njoo uchukue jalada lako. Gramafoni iko pale mezani, na safari hii tumeiunganisha na umeme.