Kifua Kikuu Hakitibiwi Gerezani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Eldoret)



Leo twataka kusema juu ya kifua kikuu, kwa kuwa ni ugonjwa unaopenda mahali tunapolala na tunapofanya kazi.

Ugonjwa huu huletwa na kijidudu ambacho Dr. Robert Koch alikitambulisha huko Berlin mwaka 1882. Mgonjwa akikohoa au kupiga chafya, vijidudu huelea hewani, na mwenzake huvivuta. Hauambukizwi kwa kushikana mikono, wala kwa sahani au kikombe. Tena si uchawi. Hutaka watu wengi katika nafasi ndogo isiyopita hewa. Basi tutazame chumba kimoja cha Langas au Huruma, watu watano ndani, na dirisha limefungwa kwa ajili ya baridi yetu ya Eldoret. Tutazame pia karakana na matatu.

Si kila mtu avutaye hewa hiyo huugua. Kwa wengi vijidudu hulala mwilini, pengine miaka mingi, na huamka mwili ukidhoofishwa na njaa, kisukari au virusi vya UKIMWI.

Dalili zake ni kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho la usiku na kukonda. Aliye nazo aende akapimwe makohozi. Dawa hutolewa bure katika hospitali za serikali. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6, na dawa zikifanya kazi, kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi mgonjwa haambukizi tena wenzake. Lakini akiziacha kwa sababu amepata nafuu, vijidudu vilivyobaki huweza kuwa sugu, na matibabu yakawa magumu zaidi.

Sasa, kwa nini mtu afiche ugonjwa unaopona? Kwa hofu. Hapa jirani Kapsabet, mwaka 2010, mahakama iliamuru wagonjwa wawili waliosemekana kuacha dawa wafungwe gerezani miezi 8. Walikaa humo siku 46. Hebu fikirini, mgonjwa wa kifua kupelekwa mahali watu wanapolala wamebanana! Tarehe 24 Machi 2016 Mahakama Kuu ya Nairobi ilihukumu kwamba kuwafunga hivyo kulikuwa kinyume cha Katiba.

Na kazini ni vivyo hivyo. Mwajiri amfukuzaye anayekohoa hafukuzi ugonjwa. Huwafundisha waliobaki kuficha kikohozi chao, na ugonjwa hubaki pale pale.

Ndugu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo, akiwa na cheti cha daktari, siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka. Jumla ni siku 14, yaani wiki mbili zile zile tulizozitaja. Hiyo ni haki, si hisani ya nyapara.

Kwa hiyo twaomba hivi: madirisha ya karakana yafunguliwe, mgonjwa asichekwe, na mwenye kikohozi asingoje mwisho wa mwezi. Amwone mwakilishi wa chama, naye amsindikize hospitali.