Kiwanja cha Trafalgar

(Maneno aliyowaambia watu wa Sondu mzee mmoja aliyerudi kutoka safari ya London.)



Mmenitaka niwaeleze habari za London. Mji ule ni mkubwa mno, nami sina kinywa cha kuueleza wote. Basi nitasema habari za mahali pamoja tu, yaani Kiwanja cha Trafalgar, nilikokwenda mwaka 2023.

Katikati yake umesimama mnara wa mawe, kimo chake kama futi 170, na juu yake sanamu ya Nelson, jemadari wa manowari, aliyeuawa katika vita vya baharini tarehe 21 Oktoba, 1805. Chini wamelala simba wanne wa shaba, waliowekwa mwaka 1867. (Watoto huwapanda migongoni, simba wetu wasingekubali.) Katika picha ya shaba iliyo chini ya mnara, miongoni mwa mabaharia, yumo mtu mweusi ameshika bunduki. Wageni wengi hupita wasimwone. Nyumba ya Balozi wa Uganda nayo yakabili kiwanja hicho, nikafurahi kama niliyekutana na jirani.

Lakini lililonisimamisha muda mrefu ni jingine. Kwenye pembe ziko nguzo nne fupi za kusimamishia sanamu, na moja ilikaa tupu zaidi ya miaka 150. Siku hizi huwekwa juu yake sanamu za muda. Tangu 2022 hadi 2024 zilikuwapo mbili, kazi ya Samson Kambalu, mzaliwa wa Malawi: Mchungaji John Chilembwe, na mmisionari Mwingereza, John Chorley, kama walivyopigwa picha mwaka 1914. Chilembwe alikuwa mkubwa sana kuliko mwenziwe, naye amevaa kofia. Siku zile huko Nyasaland, Mwafrika hakuruhusiwa kuvaa kofia mbele ya Mzungu. Mwaka 1915 Chilembwe aliongoza maasi juu ya serikali ya Waingereza, akauawa.

Baadhi yenu mwamkumbuka babu yangu, aliyekuwa akileta ng'ombe katika soko hili. Alikuwa na kofia moja nzuri. Kila alipomwona afisa wa serikali yuaja, aliivua akaificha kwapani, hata katika jua kali. Nasi watoto tukamcheka.

Nilisimama mbele ya sanamu ile nikaona haya kwa kicheko kile. Mvua ikaanza kunyesha. Nikaikaza kofia yangu kichwani, nikakaa pale pale mpaka koti likalowa.