Mzigo Uvunjikao na Mabega Yaubebayo



Sisi wa Tabora tu wana wa njia ya misafara. Kati ya Bagamoyo na Ujiji babu zetu Wanyamwezi walibeba mabegani pembe za ndovu, nguo na shanga. Mpagazi mwema alijua kwamba mzigo ule haukuwa mali yake, bali ni amana.

Mwaka 1873 ulifika Kwihara, karibu na mji wetu, mzigo wa pekee. Dakta David Livingstone alikuwa amefariki mwezi Mei kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watumishi wake, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao, waliukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauzungushia nguo na gome la mti, wakauchukua pamoja na maandishi yake. Luteni Cameron, aliyekutana nao Kwihara, aliwashauri wauzike hapo. Wakakataa. Huko mbele, walipohofia kwamba wenyeji wangezuia maiti isipite, waliufunga upya ufanane na mtumba wa nguo. Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo.

Hata hivyo, mazishi yalipofanyika London tarehe 18 Aprili, Susi na Chuma hawakuwapo. Walipelekwa Uingereza baadaye. Mzigo ulitunzwa, mabega yaliyoubeba yakasahauliwa. Naye Chuma alikuwa mtoto aliyeokolewa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa mwaka 1861. Yeye mwenyewe alikuwa amana.

Ndugu, kikombe cha altare twakishika kwa mikono miwili. Je, jina la bibi kizee wa jirani twalishikaje? Katika Unyamwezi na Usukuma wako vikongwe waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, pengine kwa sababu tu ya macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni walizopikia wajukuu wao. Panga huja mwisho. Kwanza huja neno, lililotamkwa kilabuni, kisimani, hata mlangoni pa kanisa.

Basi, viongozi wa jumuiya ndogondogo, tukisikia neno la namna hiyo tulikatize papo hapo. Tumtembelee anayenong'onwa, tuketi naye hadharani, na palipo na tishio tuwaarifu wenye mamlaka bila kukawia. Chungu kikivunjika twafinyanga kingine. Bibi akiuawa hatuna wa kuweka mahali pake.